Sikukuu ya kwanza bila kupanda basi

Usiku wa Desemba 22, katika mtaa mmoja wa Ilazo jijini Dodoma, nyumba nne kati ya saba hazikuwa na taa. Wenyewe walikuwa wameshaondoka: mmoja Moshi, mmoja Bukoba, wawili Dar es Salaam. Funguo zao zilikuwa kwenye bakuli juu ya friji ya mama mmoja, mtumishi wa wizara, pamoja na maelekezo: kuku wa huyu walishwe asubuhi, maua ya yule yamwagiwe maji yakitoka.

Kwa zaidi ya miaka saba, yeye ndiye aliyekuwa akiacha funguo.

Alihamia Dodoma mwaka 2017, akiwa mjamzito. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi huko ulipitishwa na TANU tangu mwaka 1973, ukakaa kwenye makaratasi zaidi ya miaka 40, na watu wengi wa Dar walishazoea kuuchekea. Rais John Magufuli alipoutangaza upya Julai 2016, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akahamia Septemba mwaka huohuo, kicheko kikaisha. Watu wakafunga mizigo. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Dodoma mjini ikiwa na watu wapatao 410,000. Ile ya 2022 ilihesabu zaidi ya 765,000.

Mama huyu alihesabiwa humo, ingawa mwenyewe hakujihesabu. Dodoma palikuwa mahali pa kazi. Nyumbani ni Temeke, kwa mama yake, na kila Krismasi, kila Pasaka, hata wikiendi yenye sikukuu ya Jumatatu, alikuwa stendi alfajiri na begi lake. Mapazia mazuri hakuyatundika. Sahani za udongo 12 alizopewa na mama yake siku anahama zilibaki kwenye boksi chini ya kitanda. Za nini, wakati hapa tunapita tu?

Makosa ya mji aliyajua kwa vidole. Vumbi. Upepo. Maji ya chumvi yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika. Samaki waliogandishwa hadi wamesahau bahari. Na damu ya pua ya mtoto, kila kiangazi hewa inapokauka. Mara ya kwanza alimwinamisha binti kichwa nyuma, kama wazazi wengi wanavyofanya mpaka leo, damu ikateremka kooni na mtoto akatapika. Muuguzi wa zahanati ndiye aliyemwelekeza: mtoto akae, ainame mbele kidogo, abanwe sehemu laini ya pua kwa dakika 10 bila kuachia, apumue kwa mdomo, ikifika nusu saa damu haijakata, akimbizwe hospitali. Alijifunza vizuri. Lakini kosa lile nalo aliliandika kwenye deni la Dodoma.

Kisha mama yake akafariki dunia, katikati ya mwaka. Baada ya arobaini ndugu walikaa kikao, wakakubaliana nyumba ya Temeke ipangishwe. Ilikuwa busara, hakuna aliyegombana. Ila Desemba ilipofika na wenzake ofisini wakaanza kuulizana, "Wewe unasafiri lini?" yeye alijibu, "Keshokutwa," kwa sababu aliona aibu kusema kwamba hana pa kwenda. Mume wake ni dereva wa malori; wakati huo alikuwa kwenye foleni ya mpakani Tunduma.

Aliyemfumania ni bibi mmoja wa Kigogo anayeuza mboga kwenye genge la kona.

"Mwanangu, wenzio wote wamekwenda. Wewe unaondoka lini?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, ukakwama. "Siendi, bibi. Mama hayupo tena."

Bibi hakutoa pole ndefu. Aliongeza fungu moja la mchicha kwenye mfuko. "Basi Krismasi nakuja kula kwako. Na wajukuu. Tuko sita."

Mkesha wa sikukuu mvua ikanyesha. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, Desemba hadi Aprili kwa miaka mizuri, na mtu aliyekuwa anaondoka kila mwisho wa mwaka hajawahi kuona inavyopokelewa. Watoto walitoka nje na ndoo, na watu wazima pia. Mibuyu iliyosimama uchi tangu kiangazi ilikuwa imeshaota majani, jambo ambalo, kwa kukiri kwake mwenyewe, hakuwahi kuliangalia.

Asubuhi ya Krismasi alihesabu wageni: bibi na wajukuu watano, mlinzi wa nyumba ya pili, na jirani muuguzi aliyetoka zamu ya usiku. Sahani za kila siku zilikuwa nne. Akavuta boksi. Kila sahani ilikuwa imefungwa kwenye gazeti la mwaka 2017.

"Mama, hizi za nani?" binti aliuliza.

"Zetu."

"Mbona zimefichwa?"

Alipika wali wa nazi kama wa Temeke, kwa nazi za soko la Majengo alizozilalamikia bei. Wageni walikula wakamaliza. Walipoondoka, akiwa anaosha zile sahani, kilio kikamjia, kile ambacho msibani hakikumpata kwa sababu alikuwa bize na mahema na wapishi. Wanaohudumia wafiwa wanakijua sana kilio hiki cha sikukuu ya kwanza. Hakijaribu kuharibu siku, na si lazima kizuiwe. Binti alileta khanga, akakaa karibu bila kusema kitu. Mume alibisha hodi saa nne usiku, akakuta wote wawili wamelala kwenye kochi.

Siku mbili baadaye bibi aliwachukua kwa daladala hadi shambani kwake Mpunguzi, barabara ya Iringa, kupanda uwele na karanga. "Mbukwenyi!" binti aliwasalimia waliokuwepo, kwa lafudhi safi ya Kigogo iliyomshtua mama yake. Mtoto alikuwa amezaliwa hapa, anasoma hapa, ana rafiki zake hapa; nani mwingine angemfundisha? Mchana kililetwa ugali wa uwele na mlenda uliochanganywa karanga. Mama huyu alikuwa ameukwepa mlenda kwa miaka saba. Mlenda hautaki mtu wa kusitasita: ukichelewa kufikisha tonge mdomoni, unachora mstari hadi kifuani. Alichora mistari miwili, watoto wakacheka mpaka wakapaliwa. La tatu lilifika salama.

Vumbi lipo palepale, na birika bado lina ukoko.

Majirani waliporudi Januari, mmoja alimletea samaki wa Feri, akauliza, "Na wewe umerudi lini?"

"Sikwenda," alijibu, akamrudishia funguo.

Wiki iliyofuata kaka yake alipiga simu kutoka Dar. Pasaka wanataka kuja, yeye, mkewe na watoto wanne, kwa treni ya SGR, maana sasa ni mwendo wa saa chache tu. "Kwako tutaenea?"

Akamwambia asubiri kidogo, akaenda chumbani kuhesabu magodoro.