Kabla hujapandisha familia Mbaga, chungulia uvungu wa gari

Wasafiri wengi wanaijua Same kwa kuiona dirishani mwa basi. Ukitoka Dar es Salaam kwenda Moshi, milima ya Upare inakuwa kulia kwako, mikavu kwa chini na ya bluu kwa juu. Unapita Hedaru, unapita Makanya, kisha milima inakatika na mji unatokea hapo kwenye mwanya kati ya Upare Kusini na Upare Kaskazini. Upepo unapita kwenye mwanya huo mchana kutwa. Vumbi, mikungu ya ndizi iliyoshushwa kutoka juu, abiria wananunua maji, basi linaondoka.

Anayebaki hapo na mizigo yake akitafuta usafiri wa kwenda juu ndiye ambaye safari yake inaanza. Mbaga, kwa mfano, ipo kama mita 1,350 juu ya usawa wa bahari, jirani na kilele cha Shengena chenye mita 2,462. Njia za kufika ni mbili. Moja inapita Kisiwani, pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, halafu inapanda. Nyingine unafuata lami kurudi upande wa Dar kilomita kama tano, unaingia kushoto, unapandia Mwembe. Kote utakutana na udongo, mawe na kona ambazo dereva mgeni huzichukua mara mbili. Upande mmoja ni ukuta wa udongo mwekundu. Upande wa pili unaona vilele vya migomba ya mtu aliyejenga bondeni.

Mama yetu anaishi huko juu. Ana shinikizo la damu na kila mwezi anatakiwa kushuka kliniki Same. Gari la abiria likishajaa alfajiri, kinachobaki ni bodaboda au kukosa kliniki, na mama wa miaka 67 kwenye bodaboda msimu wa mvua ni jambo la kumnyima mtu usingizi. Ndiyo maana kaka yangu, baba wa watoto watatu, aliamua kutafuta gari la familia lililotumika, lile la juujuu lenye kuvuta matairi manne. Mimi naandika habari za afya, magari si fani yangu. Nilikwenda naye kwa sababu pesa hiyo ilikuwa ya ukoo mzima, na kwa sababu wanangu pia wangepanda.

Gari la kwanza tulilioneshwa Same mjini lilikuwa jeupe, linang'aa, na viti vyake vilikuwa vya ngozi. Bei milioni 21. Watoto walikuwa wameshaingia nyuma na kugombea dirisha. Fundi tuliyekwenda naye hakuuliza injini wala kilomita. Aliomba gari lipelekwe gereji, likae juu ya shimo, akashuka chini na tochi.

"Bosi, uvungu huu umepakwa rangi lini?" akauliza kutoka shimoni.

"Ni kinga tu, fundi. Huku kwetu ni mawe, lazima ulinde chuma."

"Sasa mbona kinga imepakwa mpaka kwenye bushi za mpira na kwenye nati?"

Muuzaji hakujibu. Fundi akachukua bisibisi, akaanza kugonga kwa mpini wake, hatua kwa hatua, kama daktari anavyogonga mgongo wa mgonjwa wa kifua. Sehemu nyingi chuma kililia. Alipofika karibu na tairi la nyuma kushoto, pale mkono wa springi unapofungwa kwenye bodi, mlio ukawa mzito, kama kopo lenye mchanga. Akageuza bisibisi, akasukuma ncha kwa kidole gumba. Ikazama.

"Dada, njoo uone," akaniita. Chini ya ile rangi nyeusi kulikuwa na maganda ya kutu yanayobanduka kama gome la mti, na ndani yake tundu.

Muuzaji akapunguza milioni mbili papo hapo. Kaka akaniangalia. Kwa mtu aliyekusanya pesa miaka minne, milioni mbili ni kishawishi kikubwa, na mimi naelewa mzazi anayekubali. Lakini pale palipotoboka ndipo tairi la nyuma linaposhikiliwa. Kiti cha watoto kipo juu yake.

Kutu ya namna hiyo mara nyingi haianzii kwetu. Same mjini kwenyewe ni pakavu, na chuma huoza taratibu pakavu. Sehemu kubwa ya magari yetu yaliyotumika hutoka Japani, na huko kaskazini, Hokkaido na mikoa ya Tohoku, barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili theluji na barafu viyeyuke. Maji hayo ya chumvi hurushwa na matairi hadi kila kona ya uvungu. Chuma kinahitaji maji na hewa tu ili kipate kutu, ila chumvi inaifanya kazi hiyo iende mbio, na huendelea kuvuta unyevu hata theluji ikiisha. Gari linaweza kuwa na kilomita chache na rangi nzuri kwa sababu lilitunzwa na mzee mmoja, lakini mzee huyo aliishi kwenye theluji. Sisi nasi tuna chumvi yetu. Gari lililolala miaka kadhaa karibu na bahari, iwe Tanga, Kigamboni au Unguja, linastahili kuchunguliwa vilevile.

Kama unaagiza mwenyewe, omba karatasi ya mnada kabla hujatuma pesa. Huwa ina mchoro wa gari na herufi ndogo zilizoandikwa mahali penye kasoro. S ni kutu, C ni chuma kilichooza, na tarakimu inayofuata ikiwa kubwa, hali ni mbaya zaidi. Neno la Kijapani la kutu ni sabi; ukimwomba muuzaji akutafsirie maelezo ya mkaguzi, sikiliza kama limo. Kwa gari ambalo tayari limetembea nchini miaka sita, karatasi hiyo haitakusaidia sana. Hata ukaguzi unaofanywa chini ya utaratibu wa TBS gari linapoingizwa unaeleza hali ya siku ile. Hapo unarudi kwenye shimo na tochi.

Fundi alinieleza jambo moja ambalo nadhani kila mzazi anayetafuta gari la aina hii angelijua. Prado na Hilux Surf zina chesisi ya peke yake, na bodi imefungwa juu yake kwa bolti. Sakafu ikitoboka kidogo, fundi bodi mzuri anaweza kukata na kuchomelea kipande kipya. Chesisi ikioza, ndilo gari lenyewe limeoza. RAV4, Harrier na X-Trail hazina chesisi ya namna hiyo. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu, kwa hiyo zile kingo ndefu chini ya milango na sehemu zinaposhikiliwa springi na shokapu ndizo mifupa. Kuzijaza puti na kupaka rangi ni sawa na kumfunga plasta mtu aliyevunjika mguu kisha ukamwambia atembee.

Kutu ya chesisi si mambo ya urembo hata kwa wenye uwezo. Mwaka 2016 Toyota ilikubali kumaliza kesi Marekani kuhusu chesisi za Tacoma, Tundra na Sequoia zilizodaiwa kuoza mapema. Makubaliano yalihusu magari kama milioni 1.5, na gharama ilikadiriwa kufika hadi dola bilioni 3.4, pamoja na kubadilishiwa chesisi nzima kwa waliostahili. Mzazi aliyenunua gari mkononi mwa mtu hapa Same hana wa kumbadilishia.

Kisha kuna mabomba ya breki. Ni ya chuma, membamba kuliko penseli, yanapita uvunguni hadi kwenye matairi. Kutu huyala kwa nje kimyakimya, na bomba dhaifu linaweza kupasuka pale shinikizo linapokuwa kubwa, yaani siku unapokanyaga kwa nguvu. Kwa njia ya Mbaga, siku hiyo ni unaposhuka. Hili peke yake si sababu ya kukataa gari, maana mabomba hubadilishwa kwa gharama ndogo ukilinganisha na chesisi. Ni sababu ya kutopanda mlima kabla hayajabadilishwa.

Nilipokuwa naangalia lile tundu nilifikiria kitu kingine, cha kazini kwangu. Bomba la ekzosi nalo hupita uvunguni na nalo huoza. Likitoboka chini ya sakafu yenye matundu, moshi unaweza kuingia ndani ya gari, na ndani ya moshi huo kuna kaboni monoksaidi, gesi ileile inayoua familia zinazolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Haina rangi wala harufu. Inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mwili unakosa hewa huku mtu anapumua. Watoto wanapumua haraka kuliko sisi, kwa hiyo wao huanza kuumia.

Sasa fikiria barabara ya Pare. Mtoto akilalamika kichwa, akitapika, akilegea na kusinzia, sote tunasema amechafuliwa na kona. Mara nyingi ni kweli. Lakini kichefuchefu cha kona kwa kawaida humpata mtoto mmoja au wawili wenye tabia hiyo, na watu wazima wanaendelea na hadithi zao. Ikiwa kichwa kinawauma wengi ndani ya gari, akiwemo mtu asiyechafukwa kamwe, na mnapata nafuu mkishuka, ushuku moshi. Simamisha gari, zima injini, toeni watoto wote nje. Aliyezimia, aliyechanganyikiwa au anayeendelea kuumwa apelekwe hospitali, na mweleze daktari kuhusu moshi wa gari, kwa sababu dalili zake hufanana na za malaria. Kufungua vioo na kuendelea na safari si tiba.

Mikanda pia. Inafungwa kwenye sakafu na kwenye nguzo za bodi. Vuta kila mmoja kwa nguvu na uangalie chuma kilichoshika bolti yake. Inua zulia, hasa miguuni pa abiria wa nyuma. Muuzaji akikataa zulia lisiinuliwe, mmemalizana.

Gari tulilonunua tulilipata siku kumi baadaye kwa mwalimu mstaafu upande wa Mwembe. Rangi imepauka, dashibodi ina ufa, mtoto mkubwa wa kaka alinuna njia nzima. Uvungu wake wote ni wa kahawia kama ganda la kiazi kitamu, na mimi ningelikimbia. Fundi alikwangua sehemu saba au nane kwa brashi ya waya na kila mahali chuma safi kilitokea chini. Bisibisi haikuzama popote. Nati zilikuwa bado na kona zake. Hiyo ndiyo kutu ya juu, na kwa gari la miaka 15 karibu huwezi kuikwepa. Ni ya kupunguzia bei, kukwangua na kupaka kinga, mradi kinga ije baada ya ukaguzi. Ekzosi ilikuwa na tundu karibu na mafla, na mabomba mawili ya breki yalikuwa yameanza kuliwa. Mwalimu alitaka milioni 17, akachukua 16, na gharama ya ekzosi na mabomba tukaibeba sisi.

Siku ya kwanza kupanda nalo tulipita Kisiwani. Chini kule ni miiba na udongo mkavu, Mkomazi imenyooka upande mmoja kama mkeka. Ukianza kupanda, hewa inabadilika kabla hujaona miti. Ukikaribia juu, ukungu, migomba, watoto wa shule na madumu ya maji, na mabomba ya breki nikayasahau kwa muda. Mama alikuwa amepika makande. Aliliangalia gari, akazunguka nyuma, akainama.

"Mmeliangalia huku chini?" akamuuliza kaka.

"Tumeliangalia, mama."

"Maana la yule jirani lilikatikia darajani."

Mlimani mvua ni nyingi, na udongo mwekundu wa huko hujibana kwenye matundu ya chesisi na juu ya springi, unakaa na unyevu hata gari likirudi kwenye jua la Same. Ndiyo unaoozesha gari lililofika nchini likiwa zima. Baadhi ya watu hupiga oili chafu uvunguni kama dawa. Mimi siipendi: inaharibu bushi za mpira, inadondokea ardhini, na inamfichia fundi kutu. Maji ya kutosha baada ya kila safari ya masika na vuli yanafanya kazi kubwa zaidi. Vijana wanaoosha magari pale Same wamezoea kuanza na paa na kumaliza na matairi. Kaka huwaambia waanze chini, wanamwongezea elfu tatu, na kabla hajalipa hulala chini na tochi ya simu.