Kupendwa na Kuweza

Mwaka 2019 nafasi ya kupanga ratiba ya masomo ilikuwa wazi katika shule niliyofundisha. Tulioitaka tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa mtu wa maneno machache, fundi wa hesabu. Mimi nilikuwa mcheshi, sikosi arusi wala matanga. Walimu walipoulizwa rai yao, wengi walinitaja mimi. Nikadhani kupendwa ndiko kuweza.

Muhula wa tatu ulipofunguliwa, ratiba yangu iliniumbua. Walimu wawili walikutana mlangoni mwa darasa moja, na kidato cha nne kikakaa dakika 40 bila mwalimu. Walionichagua walicheka tu, kwa kuwa walinipenda. Wanafunzi hawakucheka: mtihani wa taifa ulikuwa karibu, na kipindi kilichopotea hakirudi.

Jioni nilimwendea mwenzangu, nikamwambia, "Mwalimu, nimeshindwa." Hakunisimanga. Alitwaa penseli, tukafanya kazi hata usiku, akinionyesha kupanga kwanza masomo yenye mwalimu mmoja, kisha mengine. Asubuhi nilimweleza mwalimu mkuu ukweli wote, nikaomba kazi ile apewe mwenye kuiweza. Akapewa.

Vijana, siutukani ucheshi. Kazini twaishi na watu. Lakini kupendwa humfungulia mtu mlango tu. Kazi yenyewe imo ndani, nayo haijui sura ya mtu. Wazee walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Walisema kweli, ila nimeona kwamba chema nacho, pengine, huhitaji shahidi. Usione haya kuwa shahidi huyo, hata ikiwa ushahidi wako utakugharimu cheo.