Kopo la Lantana, Columbia Road

Jumapili asubuhi katika mtaa wa Columbia Road, mashariki ya London, mtu hupita kwa bega. Maduka ni madogo, yamebanana pande zote mbili, na katikati wauza maua wamepanga meza mpaka barabara imebaki kichochoro. Wananadi kwa sauti zilizokwaruza: makopo matatu kwa paundi kumi, wahi, yanakwisha. Ilikuwa Juni, ndoo zimefurika mawaridi, na kila anayetoka amekumbatia majani hadi usoni.

Mjomba alikuwa mbele yangu. Ameishi Hackney miaka mingi na soko hili analijua meza kwa meza, lakini siku hiyo alisimama ghafla hata nikamgonga mgongoni.

"Mwanangu, hebu njoo uone wanachouza."

Ilikuwa trei ya makopo meusi ya plastiki, na katika kila kopo kichaka kisichofika goti. Vishada vyake ni vya maua madogo madogo. Yale ya katikati, yaliyofunguka karibuni, yalikuwa ya manjano. Ya pembeni yalikuwa yameshageuka rangi ya chungwa, na ya nje kabisa mekundu. Mjomba alifikicha jani moja, akaniletea vidole puani. Harufu kali, chungu, ya utotoni. Lantana.

Bibi, mama yake Mjomba, alikuwa na wigo wa lantana nyumbani Muheza. Alikuwa na sababu zake: inastahimili kiangazi, inapendeza, na mbuzi wa jirani hawaigusi. Mwaka mmoja kiangazi kilivuka mpaka, naye akanunua mtamba kutoka Handeni, mwekundu mwenye mabaka meupe. Ng'ombe waliozaliwa pale walikuwa wakiipita lantana kama hawaioni. Yule mgeni alikuwa na njaa, na kijani pekee kilichobaki kilikuwa kwenye wigo.

Siku ya pili aliacha kucheua. Siku ya nne akakataa kutoka kivulini. Macho yakaingia umanjano, pua ikachubuka. Kilichomtisha Bibi kuliko vyote ni ngozi. Penye mabaka meupe ilivimba, ikakauka, ikabanduka kama gome la mti. Penye wekundu ikabaki nzima, na mpaka kati ya rangi mbili ukaonekana kama umechorwa. Watu wakaanza kunong'ona habari za mkono wa mtu. Bwana mifugo alipofika, alikwenda moja kwa moja kwenye wigo.

Alitueleza, na niliyosoma baadaye yamekubaliana naye. Majani ya lantana yana sumu ziitwazo lantadeni, ambazo huliharibu ini hata nyongo ishindwe kutoka. Mnyama mzima hutoa kwa njia ya nyongo mabaki ya ule ukijani wa majani aliyokula. Njia ikiziba, mabaki hayo hubaki kwenye damu na kufika kwenye ngozi, na jua likiyapiga, yanaunguza. Ngozi yenye rangi hujikinga kiasi. Nyeupe haina cha kujikingia. Tena tumbo huwa limesimama, kwa hiyo majani yaliyomo yanaendelea kutoa sumu siku baada ya siku, hata mnyama akifungiwa mbali na wigo. Mtamba wetu alikufa siku ya tisa, na Bibi hakununua mwingine.

Mjomba alimwuliza muuzaji kama mmea ule una madhara. Akajibu kwa upole kwamba mbwa na paka wasiyatafune majani, kisha akaongeza, kama anayekiri kasoro ya bidhaa: "Baridi kali itauua. Ukifika Novemba, uingize ndani."

Basi ndiyo hivyo. London haihitaji jembe wala bwana mifugo. Kila mwaka baridi inaingia bustanini na kuifyeka lantana bure. Mmea huu asili yake ni nchi za joto za Amerika. Wazungu waliuleta kwenye bustani zao, wakauzalisha kwa rangi, kisha wakausambaza makoloni kama pambo. Muheza hakuna barafu. Kuna ndege wanaokula tunda lake jeusi na kudondosha mbegu chini ya kila mti. Leo Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira unaihesabu lantana miongoni mwa viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, na bado inauzwa trei kwa trei. Nakasirika nikiwaza kwamba katika safari yote hiyo hakuna aliyemwuliza mchungaji.

Na Uingereza nayo imeumia. Tulitembea hadi Mare Street, ambako karibu yake kuna mtaa mfupi uitwao Loddiges Road. Conrad Loddiges, Mjerumani, alichukua kitalu cha miche hapa Hackney mwaka 1771, na jina lake hutajwa pamoja na ujio wa rododendroni ya zambarau, Rhododendron ponticum, iliyoingia nchini 1763. Mabwana wenye mashamba waliipanda kwa maua yake na kwa maficho ya ndege wa kuwinda. Haikukaa ilipopandwa. Imejaza misitu ya Wales na Scotland, na chini ya kivuli chake hakioti kitu. Theluji ikifunika malisho, majani yake ndiyo kijani kinachobaki, na kondoo mwenye njaa huyala. Hutokwa na povu, hutapika, jambo ambalo mnyama anayecheua halifanyi kwa urahisi, kisha miguu humlegea. Wafugaji wa kule na Bibi wangeelewana bila mkalimani.

Pale pale, chini ya kibao cha mtaa, Mjomba alitoa simu akampigia mdogo wake Muheza. Hakuzungusha maneno.

"Ule wigo, ung'oeni na mizizi. Mkikata tu utachipua. Na yale matawi msiyatupe ndama wanapopita."

Nilisikia sauti ya upande wa pili, na jogoo nyuma yake.

"Upande wa barabarani tumeshamaliza, kaka. Umebaki upande wa zizi."