Ufa wa Kiangazi

Kila aliyewahi kuandika insha darasani anaijua methali ya ufa na ukuta. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tumeitumia kwa ndoa, kwa vyama vya siasa, kwa watoto wasiokanywa mapema, hata tukasahau kwamba kwanza ilikuwa ni habari ya nyumba. Nimeirudisha hapa kwenye nyumba kwa sababu nimeshuhudia mtu akiadhibiwa nayo bila haki.

Methali hii inachukulia kwamba ufa huanzia ukutani, na kwamba ufa uliozibwa umekwisha. Kwa mjenzi wa pwani, anayesimamisha mawe ya matumbawe kwa chokaa juu ya mwamba wa matumbawe, haya ni kweli tupu: mvua huula ukuta kutoka juu, chokaa humomonyoka, ufa hupanuka, na mvivu hujenga upya. Ardhi iliyo chini haimo katika kisa hicho. Imelala.

Kwetu Tukuyu nako ardhi imelala, ingawa kwa namna nyingine. Sisi tunakaa juu ya majivu na mawe ya volkano za Rungwe, Ngozi na Kyejo, tukinyeshewa zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Udongo wake ni mwepesi, mzito wa rangi tu. Hunywa maji na kuyapitisha. Fundi mwashi wa Tukuyu huchimba mtaro wa kufika gotini au kuzidi kidogo, hupanga mawe meusi kwa saruji, humwaga jamvi, kisha huinua tofali za kuchoma bila wasiwasi. Tunachokiogopa ni mteremko, si udongo kuvimba. Nimezaliwa katika nyumba ya msingi wa namna hiyo, na mlango wake haujawahi kukataa kufungwa.

Dada yangu aliolewa Usangu. Kutoka kwetu unapanda kwa njia ya Kiwira hadi Uyole, ndipo unashika barabara kuu kuelekea Igurusi na Chimala, na ghafla milima inabaki kuume na mbele yako pametandazwa bonde tambarare lenye mashamba ya mpunga. Mvua ya huko haifiki nusu ya yetu. Alipostaafu kazi, akiwa tayari mjane, aliutoa mfukoni mwake mwote mwa uzeeni, kile kinachoitwa kiinua mgongo, akajenga nyumba ya vyumba vitatu. Fundi alimleta kutoka nyumbani, mtu wa jina jema, na fundi akajenga kama alivyojenga miaka yote. Ilikuwa Septemba. Ardhi ilikuwa imekauka ngumu kama kigae, na kila mtu alisifu kwamba msingi umekaa penye nguvu.

Masika ya kwanza mlango wa chumba cha kati ulianza kukwaruza sakafu. Kiangazi kilipofika, ufa wa mshazari ulipanda kutoka pembe ya dirisha hadi kwenye lenta, kidole cha shahada kikaingia. (Lugha ina mizaha yake: kiinua mgongo kikazikwa, na ardhi ndiyo iliyoinua mgongo.) Dada aliuziba ufa kwa saruji. Mwaka wa pili ulirudi, na mwenzake kando yake. Akaziba yote miwili. Mwaka wa tatu zilikuwa nyufa nne, na katika kikao cha ukoo kule Tukuyu mzee mmoja alimtazama na kumtupia methali ile, wengine wakatikisa vichwa kukubali. Jirani yake wa Usangu alikuwa ameshanong'ona kwamba pana mkono wa mtu. Mwanawe alishauri nyumba ibomolewe, matofali yauzwe, mama arudi milimani. Dada hakusema neno. Mtu aliyeziba kila mwaka kwa fedha yake ya unga alikuwa anaambiwa kwamba hakuziba.

Nikaanza kuuliza juu ya udongo ule, kwanza kama ndugu, kisha kama mpenda maneno.

Kiswahili kimeupa udongo huu jina la mtu. Mfinyanzi ni yule afinyangaye. Tumelitwaa jina la mwenye mikono tukalivika udongo wenyewe, udongo mfinyanzi. Wahenga waliujua mikononi vizuri. Walisema udongo uwahi ungali maji, wakimaanisha utii wake ukiwa mbichi na ukaidi wake ukikauka. Lakini huo ni ujuzi wa chunguni. Chini ya nyumba mambo yamepinduka: anayefinyanga ni udongo, na nyumba ndiyo inayofinyangwa.

Sababu yake inaelezeka. Chembe za udongo wa aina hii ni vibamba vyembamba mno, vimepangana kama kurasa za kitabu. Maji huingia kati ya ukurasa na ukurasa, kitabu kikanenepa. Jua likiyanyonya, kitabu kinanywea. Wataalamu huyaita madini hayo smektaiti, na aina yake mashuhuri, montimoriloniti, imechukua jina la mji wa Montmorillon, Ufaransa. Lililonigusa zaidi ni kwamba mwamba wa volkano, ule ule, waweza kuzaa udongo mtulivu au udongo huu. Penye mteremko na mvua nyingi, maji hupita na kuondoka na chumvi za madini, nao udongo unaobaki hauna tabia ya kuvimba sana. Penye bonde ambako maji hutuama kisha jua hukausha, chumvi hizo hubaki, na vibamba vya kuvimba huumbika. Na usidhani Usangu wako peke yao. Watu wa Dodoma na wa Kibaha wanaujua ufa huu. Wala haufai kulaaniwa. Tabia ile ile ya kushika maji yasizame ndiyo inayoufanya mpunga wa Usangu ustawi.

Sisi washairi tunalipenda mno neno msingi. Katika tungo zetu msingi hubeba, na ukiwa imara basi nyumba ni salama. Kazi yake ni kupokea uzito na kuuteremsha chini. Juu ya mfinyanzi kuna nguvu nyingine inayotoka chini kwenda juu, na nyumba inayoumia kwanza ni ile nyepesi. Jengo la ghorofa nyingi laweza kuukandamiza udongo usivimbe. Nyumba ya mjane ya chumba na chumba, yenye bati na tofali, hainao uzito huo, huinuliwa. Na haiinuliwi sawasawa. Katikati ya nyumba, chini ya jamvi, jua halifiki na unyevu hubaki. Pembeni, kiangazi hukausha udongo ukanywea, kuta za nje zikashuka. Sakafu inapanda tumbo, kingo zinainama, na ukuta usiojua kujikunja unapasuka pale ulipo dhaifu, yaani penye pembe za milango na madirisha.

Nilimpata mzee mmoja wa kazi, mwenyeji wa bonde, ambaye mikono yake imejenga huko tangu ujana. Alizunguka nyumba mara mbili bila kusema, akagusa saruji mpya iliyojazwa katika ufa, akacheka kidogo.

"Mama, usiuzibe tena," alimwambia dada. "Sasa ni kiangazi, ukuta umeachama. Ukiujaza saruji kinywani, masika utafumba vipi? Utauma jiwe, upasuke pengine."

Dada alikaa chini juu ya ngazi ya mlango. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kwa miaka mitatu mtu kumweleza kwamba nyufa zile mpya hazikutokana na uzembe wake, bali na juhudi yake. Ufa wa kiangazi hupungua wenyewe ardhi inaponyweshwa. Ukishajazwa kitu kigumu, nafasi ya kurudi haipo, na nguvu ile hutafuta njia nyingine.

Mzee hakuanza na ukuta. Alianza na maji. Aliagiza mifereji ya bati iwekwe kandokando ya paa na maji yapelekwe mbali; shimo la maji ya bafu, lililokuwa hatua tatu tu kutoka pembe iliyopasuka, likahamishwa; migomba iliyonyonya unyevu upande mmoja ikang'olewa. Kisha akazungushia nyumba nzima sakafu ya zege, upana wake mita moja na nusu, ikiinamia nje, ili ardhi ya pembeni isinyweshwe ikavimba wala kukaushwa ikanywea. "Udongo haudhuru ukiwa mbichi, wala haudhuru ukiwa mkavu," alisema. "Unadhuru ukigeuka." Nyufa zenyewe aliziacha mwaka mzima. Alimpa dada penseli, akamwekea nukta mbili kila upande wa kila ufa, akamwambia apime umbali wake kila mwezi na kuandika tarehe papo hapo ukutani.

Jiko, lililokuwa halijajengwa, alilijenga kwa njia aliyoiita ya kuning'iniza. Alichimba mashimo membamba badala ya mtaro, akashuka zaidi ya mita mbili, hadi alipofika kwenye udongo ambao hata Oktoba ukiufumbata mkononi una ubichi ule ule. Huko chini mabadiliko ya majira hayafiki. Alipanua kitako cha kila shimo ili nguzo isiweze kung'olewa kwenda juu, akasimamisha nondo, akamwaga zege. Juu ya nguzo ulipita mkanda wa zege wenye nondo, na mkanda huo haugusi ardhi. Kati yake na udongo mna nafasi ya kiganja. Wakati wa kumwaga zege nafasi ile ilijazwa majani makavu ya mpunga chini ya ubao, yakatolewa baadaye, na pembeni pakakingwa na bati jembamba. Kijana wake mmoja aliliona pengo lile kama kasoro, akachukua koleo alishindilie udongo. Mzee alimshika mkono. Ardhi ikivimba, alisema, ivimbie humo.

Njia hiyo ina gharama, na si kila mtu ataiweza. Wengine huondoa udongo mweusi na kurudisha moramu iliyoshindiliwa tabaka kwa tabaka, wengine humwaga jamvi moja nene lenye mbavu na nondo ili nyumba yote ipande na kushuka pamoja kama mtumbwi. Iko pia chokaa. Ikichanganywa na mfinyanzi, chokaa huzifunga zile kurasa zisiachane kirahisi maji yanapoingia. Nilifurahi kusikia hivyo, kwamba kitu kilichojenga miji ya mawe ya pwani kwa kushikanisha ukuta chaweza huku bara kuutuliza udongo chini yake.

Nikamwuliza mzee wanauitaje udongo huu. Akajibu, kama mtu anayeshangaa swali, "Si mbuga?" Na kumbe ndivyo. Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, alitengeneza ramani ya udongo wa Afrika Mashariki. Yeye na wenzake waliomfuata waliliandika neno mbuga katikati ya Kiingereza chao, kwa maana ya mfinyanzi mweusi wa mabondeni, kwa kuwa hawakuona jingine bora. Wakati wageni wakilihifadhi, sisi tumelipeleka kwa simba na tembo. Ukimtajia kijana mbuga leo anafikiria gari la watalii. Maana ya udongo imebaki kwa wakulima na mafundi, na ningependa washairi wairudie kabla haijabaki kwa wageni peke yao.

Masika mawili yamepita tangu sakafu ya nje imwagwe. Dada hajapiga rangi ule ukuta wa sebuleni. Tarehe zake zimeushika kutoka usawa wa dirisha hadi chini, kwa mwandiko wake wa kizamani uliolala upande. Kati ya nyufa nne, tatu hazijabadilika kwa upana wa uzi tangu Oktoba iliyopita. Wa nne, upande wa mashariki, bado unafunguka na kufunga. Mzee anaulaumu mwembe uliosimama karibu, ambao mizizi yake hunyonya udongo wa upande huo kiangazi chote. Shemeji ndiye aliyeupanda mwembe huo, na dada amekataa usikatwe. Wamekubaliana wapime masika mengine mawili, ndipo wauzungumze.