Kawa na Simu

Sahani ya futari, katika nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja, haikuwa ikitoka mlangoni uchi. Ilifunikwa kawa la ukili, ikatiwa mikononi mwa mtoto, na mtoto akausiwa asicheze njiani. Kawa lilizuia nzi na vumbi, lakini lilizuia na macho pia: mpita njia hakujua nani kapelekewa nini, wala aliyekosa hakujua kakosa kitu gani. Sahani nayo haikurudi tupu. Ilirudi na tambi, na kaimati, au walau na ndimu mbili za uani, kwa kuwa ukata si aibu lakini sahani tupu ni aibu.

Picha ya chakula haina kawa. Mtume alimuusia Abu Dharr, akipika mchuzi, azidishe maji apate kuwaangalia majirani zake. Na picha, hata ingekuwa nzuri namna gani, haizidishiki maji. Hayo ndiyo aliyoyasema mavyaa mmoja wa mtaa huo siku alipomwona mkazamwana wake amesimama juu ya kiti jikoni, simu mkononi, akiupiga picha mkate wa kumimina kabla haujakatwa. Aliyasema kwa upole, kisha akanyamaza. Walioishi na wanawake wa rika lake wanajua kuwa kunyamaza huko ndiko kusema kwenyewe.

Jambo lenyewe lilianza kwa wema. Wifi mtu ameolewa Muscat, mji ambao nyumba zake nyingi zinasema Kiswahili tangu wimbi la watu waliohama baada ya Mapinduzi ya 1964, na wengine waliofuata baada ya 1970. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia, aliomba atumiwe picha za futari ya kwao, aone tu. Mkazamwana akatuma kwa WhatsApp. Mashoga wa wifi wakazitaka nao, na kabla ya mwezi kwisha ukawapo ukurasa wa Instagram wenye boko-boko, samaki wa kupaka, vileja na visheti, na maelfu ya watu wasiojulikana wakiomba dua kwa mikono ya mpishi.

Mikono ya nani? Hapo ndipo penye mzizi wa fitina. Mkate wa kumimina hautaki vitu vingi: mchele uliorowekwa usiku kucha, tui zito, sukari, iliki na hamira. Husagwa pamoja, ukaachwa uumuke, ukamiminwa katika sufuria yenye mafuta ya moto, kisha makaa yakatiwa juu ya kifuniko ili uive chini na juu. Kwa miaka tisa mkazamwana alikuwa akimimina, akitazama moto, akikata na kupanga sahanini. Lakini bakuli alilikuta tayari limeumuka. Mavyaa aliamka kabla yake, akausaga na kuukoroga peke yake, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Wasomaji wa ukurasa walipotaka vipimo, mkazamwana alimwuliza mama wa nyumba, akatajiwa: vikombe kadhaa hivi, kijiko hivi. Akaandika kama alivyoambiwa. Siku ya pili wifi akapika kule Muscat, mkate ukalala kama chapati. Akauliza mbele ya kadamnasi, chini ya picha: "Wifi yangu, mbona wangu haukusimama?" Kwanza lawama lilibebeshwa tui la kopo, ambalo lina makosa yake mengi lakini si hilo. Kisha wakajitokeza wengine, wa Mombasa, wa Dar es Salaam, kila mmoja na mkate wake uliolala. Neno choyo likatajwa. Ikasemwa kuwa mpishi ameficha.

Hakuficha. Alifichwa yeye. Akajaribu mwenyewe mchana mmoja, mavyaa akiwa msibani, kwa vipimo vile vile. Mkate ukatoka mwembamba, mzito, wenye unyevu katikati. Alikaa kitako jikoni akautazama. Miaka tisa, watoto watatu, na bado alikuwa mgeni wa bakuli.

Si haki kumhukumu mavyaa haraka. Alipewa ujuzi ule na mama yake, naye akauweka kwa binti yake, na binti akaolewa ng'ambo kabla hajaamka alfajiri hata moja kujifunza. Kilichobaki ndani ya nyumba hakikuwa na wa kukirithi ila mwana wa watu, na mwana wa watu akija kusifiwa ulimwenguni kwa mkono usio wake, moyo wa mzee huuma. Mwenye kutaka kuuita husuda auite. Lakini kuna hofu pia ndani yake, ya kutokuhitajiwa tena.

Alipoulizwa, hakukana. "Mwanangu," alisema, "kesho uamke nami. Na simu yako ilale."

Alfajiri ile akachota upawa mmoja wa mchele uliosagwa, akaupika na tui hadi ukawa uji mzito, akauacha upoe, ndipo akaurudisha bakulini pamoja na hamira. Ni hilo tu. Kabla ya kumimina akatia ute wa yai. Alimshika mkazamwana mkono akamwonyesha uzito wa upawa, maana uzito huo hausemeki kwa vikombe. Mkate ulipoiva, alimpigia simu binti yake Muscat, akamweleza kwa mdomo, taratibu, mara mbili.

Kipande cha kwanza kilipelekwa kwa jirani, kimefunikwa. Ukurasa haukufungwa, na picha zinaendelea. Vipimo vya mkate wa kumimina vimebaki kama vilivyoandikwa siku ile, na kila Ramadhani watu huuliza chini yake mbona wao haukusimama.