Mwezi wa Kartik mjini Puri

Ukitaka kuuona mji wa Puri nchini India, watu wa jimbo la Odisha watakushauri uende Juni au Julai, wakati wa Rath Yatra, pale mungu Jagannath anapotolewa hekaluni na kukokotwa barabarani kwa magari makubwa ya mbao, yeye na kaka yake Balabhadra na dada yao Subhadra, kila mmoja na lake. Mimi nilikwenda Kartik, mwezi wa kujizuia, unaoangukia kati ya Oktoba na Novemba. Nimelelewa Mombasa, katika nyumba ambayo mwezi mmoja wa mwaka hubadili saa za kula, za kulala, hata namna ya kusemezana. Nilitamani kuona wenzetu wanauishije mwezi wao.

Mwenyeji wangu alikuwa rafiki niliyesoma naye. Kutoka Bhubaneswar hadi Puri ni kama kilomita 60 tu kwa treni, na behewa letu lilijaa akina mama wa makamo na wazee, pindo la sari kichwani, mabunda yao miguuni. Wengi walikuwa wajane wanaokwenda kukaa Puri mwezi mzima kutimiza nadhiri ya habisha. Anayeishika huamka kabla ya jua, huoga, huchora nakshi za unga wa rangi kuzunguka mrihani wanaouita tulsi, halafu huomba. Chakula ni mara moja kwa siku: wali, dengu, ndizi mbichi, nazi, samli kidogo. Vitunguu na vitunguu saumu havimo. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu aliniuliza nimetoka wapi, akajibiwa na rafiki yangu, kisha akanisogezea mto wake niegemee. Safari ilikuwa fupi, lakini mto ule niliushukuru.

Si wote wanaofunga hivyo. Ila katika nyumba nyingi za Kihindu za Odisha, nyama na samaki huondoka jikoni mwezi mzima, na hata mlaji sugu huziheshimu siku tano za mwisho. Husemwa kwamba siku hizo hata korongo ziwani hagusi samaki. Kwa watu wa pwani na mito, ambao samaki ni kitoweo cha kila siku, hilo si jambo dogo.

Tulifikia kwa Mausi, mama mdogo wa rafiki yangu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha na mikono isiyotulia. Jumatatu za Kartik hufunga kwa ajili ya mungu Shiva. Jioni ya siku tuliyofika alitupeleka Bada Danda, ile barabara pana inayoishia hekaluni.

Hekalu la Jagannath ni la karne ya 12, na mnara wake unapanda kiasi cha mita 65. Mbele ya Singhadwara, lango la simba, limesimamishwa guzo la jiwe moja lenye pande 16, lililoletwa kutoka hekalu la jua la Konark katika karne ya 18. Langoni pana kibao: wanaoingia ni Wahindu peke yao. Agizo hilo halina mkubwa wala mdogo. Mwaka 1984 Indira Gandhi, waziri mkuu wa nchi nzima, alizuiwa kwa kuwa aliolewa na Mparsi, akalitazama hekalu kutoka maktaba ya Raghunandan iliyo ng'ambo ya barabara. Sikuona kwamba nimetukanwa. Na sisi Waislamu tuna mji ambao asiye wetu haingii, na hatutarajii mtu atununie kwa hilo. Nilisimama na wachuuzi, nikainua macho. Kijana mmoja alikuwa akiupanda mnara, bila kamba, mgongo umeegemea jiwe na uso unatutazama sisi wa chini, amejifunga bendera kiunoni. Hufanywa hivyo kila siku kabla giza halijaingia. Alipoifunga bendera mpya juu ya gurudumu la madini, barabara nzima ililitaja jina la Jagannath kwa pamoja, na nywele zikanisimama.

Kilichonivuta zaidi kimo ndani, nami sikukiona: jiko. Wapishi wake hurithishana kazi kwa ukoo. Hupika kwa kuni, katika vyungu vya udongo vilivyobebeshwa kimoja juu ya kingine, na chungu kikishatumika hakirudi motoni tena. Mdomo wa mpishi hufungwa kitambaa. Hakuna anayeonja, hakuna anayenusa. Chumvi ikizidi au ikipungua, wa kwanza kujua ni Jagannath. Waumini husema mpishi wa kweli ni mungu wa kike Lakshmi, hao wengine ni mikono tu. Viazi, nyanya na pilipili haziingii jikoni humo. Hiyo ni mimea ya Amerika, iliyofika India baada ya Wareno kuja kwa merikebu zao, na jiko la Puri lilikwishakuwa na desturi zake. Mtu wa Mombasa hawezi kulisikia hilo akapita tu. Kwetu Wareno walituachia ngome na mahindi. Kule kuna jiko ambalo, kwa upande wa chakula, halijawafungulia mlango mpaka leo.

Vyakula vya sadaka huhesabiwa 56. Vikishaletwa mbele ya Jagannath hupelekwa kwa Bimala, mungu wa kike mwenye hekalu lake humo humo uani, na hapo ndipo vinapokuwa mahaprasad. Kisha huuzwa Ananda Bazar, ndani ya ua. Hapo watu wa tabaka zote huketi chini na kula kwa pamoja, jambo ambalo kwa karne nyingi lilikuwa mwiko mahali pengine pengi India. Mahaprasad hainajisiki, akiigusa nani na akiila nani. Na kuna la kushangaza zaidi. Siku ya Ekadashi, ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi, wafuasi wa Vishnu hawali nafaka. Puri wanakula wali wa hekaluni hata siku hiyo. Ekadashi mwenyewe, wanasimulia, amefungwa humo kichwa chini miguu juu. Mausi aliponieleza hayo uso wake uling'aa kwa fahari.

Siku ya pili alirudi kutoka hekaluni na kikapu cha vyungu vidogo: wali, khechudi ya samli, dalma ya dengu na mboga, khiri ya maziwa. Harufu yake ilijaza chumba, samli na moshi wa kuni. Kabla ya kunipakulia akasimama, akamwambia rafiki yangu aniulize kama dini yangu inaniruhusu.

Nilimjibu ukweli. Nilimwambia kwamba nakiheshimu chakula kile, na kwamba mimi, kwa nilivyofundishwa, sili kilichotolewa sadaka kwa mungu mwingine. Nilijua ninachokikataa. Wapo wanaosafiri umbali mkubwa kwa tonge moja la wali ule. Wapo wanaouanika ukauke, wakaufunga kwenye kitambaa na kuuweka nyumbani kwa ajili ya saa ya kufa. Mausi alitikisa kichwa kwa upande, kama wafanyavyo watu wa India wanapokubali. "Mwambie mwezi mzima huu mimi mwenyewe nakataa samaki," alisema. "Chake nitakipika mimi."

Na alipika. Usiku wa kuamkia siku ya mwezi mpevu, mwisho wa Kartik, alikuwa na kakara za kutengeneza kwa ajili ya madhabahu ya nyumbani. Aliketi sakafuni, akaukanyaga ubao wa chombo chao cha kukunia kwa mguu mmoja, akakuna nazi mbili. Akaipika nazi na sukari guru mpaka ikashikana na kuwa nyeusi kidogo, akatia iliki iliyotwangwa papo hapo na chembe ya kafuri ya kula. Ngano ya semolina aliisonga kwenye maji ya moto, akaikanda ingali inaunguza, bila kulalamika. Kila donge alilibonyeza kwa kidole gumba, akalijaza nazi, akalifunga na kulilainisha kwa samli mpaka mshono ukapotea. Hakuonja hata mara moja; ulimi wake hauna kazi hapo mpaka mungu ashibe. Zilipotoka mafutani, rangi ya karafuu iliyokauka, zilipelekwa madhabahuni na kufunikwa jani la tulsi. Ndipo akarudi jikoni, akakanda unga mwingine, akanikaangia zangu, akazila nami mbili ili nijue hazikwenda popote. Nje zilikuwa ngumu kiasi cha kusikika zikivunjika, ndani zimelowa.

Alfajiri tulishuka bwawani pamoja na mtaa mzima. Watu walibeba mashua ndogo za gome la mgomba na za karatasi, ndani yake taa, tambuu na popoo, wakazisukuma majini. Hiyo ni Boita Bandana, kumbukumbu ya wafanyabiashara wa Odisha waliokuwa wakitweka matanga msimu huu kwenda Sumatra, Java na Bali. Walikuwa wakiusubiri upepo wa kaskazini-mashariki. Ni ile ile kaskazi yetu, iliyowashusha Mombasa na Zanzibar manahodha wa Kutch na wa Ghuba kabla ya meli za moshi. Nilimwomba rafiki yangu mashua moja, nikatia taa yake tu, nikaisukuma kwa ajili ya babu zangu walioingia baharini. Mausi aliuliza majina yao, akayarudia kwa matamshi yake.

Siku iliyofuata ndiyo Chhadakhai, siku ya kuuvunja mwezi. Puri iliamka inanuka haradali. Mumewe Mausi alitoka gizani kuwahi foleni ya samaki, akarudi jua limepanda, analalamikia bei na kucheka, na rohi mkubwa kikapuni. Mausi alimkata vipande vinene, akamtia manjano na chumvi, akamkaanga, kisha akampika kwenye mchuzi wa haradali iliyosagwa. Safari hii aliuonja. Sufuria iliwekwa katikati ya mkeka, tukapakua sote humo humo, na Mausi akanichagulia kichwa.