Vijana watatu wa "fr"

Jioni moja hapa Uvira, kwa ruhusa ya mdogo wangu, niliipitisha simu yake kuukuu kwenye mitmproxy, programu inayokaa kati ya simu na seva. Mienendo ya mchezo ilipita kwa UDP, sikuiona. Ila maombi ya HTTPS, baada ya kuweka cheti, yalisomeka mstari kwa mstari. Yeye na wenzake wawili walikuwa wakitaniana kwa Kifuliiru. Kila ombi lake, hata hivyo, lilitaja lugha: fr. Anayehesabu kwa alama hiyo amempata Mfaransa! Kifuliiru kina msimbo wake wa ISO 639-3, flr, lakini hakimo katika orodha ya simu. Kiswahili kimo. Kifaransa nilikichagua mimi, siku tuliponunua simu, bila kumwuliza.